Aliyelianza Neno

Siku ya sita binti wa marehemu alifika kituoni kabla koplo hajafungua madirisha. Alikaa pale pale pa siku zote, mwisho wa benchi, karibu na ndoo ya mchanga, mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba. Hakuwa mtu wa kelele. Angekuwa wa kelele ingekuwa nafuu, maana kituo kimezoea kelele na kina dawa yake. Huyu alinyamaza tu, na kila aliyefika kaunta alijikuta anapunguza sauti.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba," alijibu mpelelezi. "Umekunywa hata chai?"

"Nani alianza, Afande?"

Hilo lilikuwa swali lake tangu siku ya kwanza, na la pili hakuwa nalo. Baba yake alikuwa amelazwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali, na fomu ya kumtoa ilikuwa ndani ya ule mkoba, haijatiwa sahihi. Alikuwa ameapa hatamzika mzee mpaka ajue mdomo wa kwanza uliomwita mchawi ni wa nani. Waliorusha mawe hakuwauliza kabisa. Wale, alisema, walikuwa wanafuata mkumbo.

"Leo nitakuletea jibu," alisema mpelelezi, na papo hapo akajuta. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha asiahidi kitu chochote mbele ya benchi lile.

Wenzake walimwita Afande Kwa Nini, usoni na kisogoni, na yeye hakujali, kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa la haki. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, na aliwahi kurudisha jalada la wizi wa baiskeli mara nne kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa nini mwizi aliiacha pampu.

Jalada la safari hii halikuwa na wizi. Lilikuwa na mzee wa miaka sitini na saba ambaye watoto wa mji mzima walimwita Babu Leso, kwa sababu alitoa leso za rangi masikioni mwao. Jumamosi alifanya onyesho kwenye ukumbi wa jamii. Msichana wa miaka saba, mtoto wa seremala, alipanda jukwaani, akaingia kwenye sanduku, akapotea, akatokea nyuma ya pazia anacheka. Jumatatu mtoto akapata homa. Jumatano akafa hospitalini. Alhamisi asubuhi mlango wa Babu Leso ulikutwa umeandikwa MCHAWI kwa mkaa, na kufikia saa nne palikuwa na watu zaidi ya mia uani, na mawe. Hakuna jiwe lililomgusa. Mzee alijaribu kutokea dirisha la nyuma, akateleza, kichwa kikapiga ukingo wa saruji chini ya tangi la maji. Watu walipomkuta walitawanyika kila mmoja njia yake.

Mkuu wa kituo alisimama mlangoni pa ofisi akiwa na kikombe mkononi.

"Seremala yumo ndani. Majirani wamemwona na mkaa. Kaandika, kapiga kelele, watu wamekusanyika. Unangoja nini kulifunga?"

"Nataka kujua kwa nini kaandika vile."

"Mwanawe kafa, Kwa Nini!"

"Sikuuliza kwa nini kaandika, mkuu. Nimeuliza kwa nini kaandika vile." Alimsogezea picha ya mlango. "Tazama herufi. Kila mguu wa herufi una kiatu chake chini, kijistari cha kulala. Wewe ukiandika kwa mkono unaweka hivyo?"

Mkuu aliitazama picha, akanywa chai, akaitazama tena.

"Hakuna anayeandika hivyo."

"Basi alikuwa ananakili. Kuna mahali alikoliona limechapwa."

Mkuu aliondoka akitikisa kichwa, lakini mlango hakuubamiza, na kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

*

Seremala aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa shati lile lile alilozikia. Mbao zilikuwa zimemkomaza viganja, na alivilaza mezani vikitazama juu, kama mtu anayesubiri kukaguliwa.

"Mlango uliuandika wewe?"

"Mimi."

"Mawe?"

"Sikurusha. Nilikuwa nimekaa chini."

"Neno ulilitoa wapi?"

"Kwake mwenyewe." Alisema bila ukali. "Kwenye karatasi yake, ukutani, langoni pa hospitali. Nilitoka wodini kutafuta maji. Nikaliona hilo. Mchawi, herufi kubwa hivi, na chini yake ukumbi na siku. Ndiyo siku niliyompeleka mimi kwa mkono wangu, Afande. Nilimnyanyua mimi nikampandisha jukwaani."

Koplo aliyekuwa anaandika maelezo aliacha kuandika.

"Daktari hakukwambia mtoto alikuwa na nini?"

"Aliniambia. Uti wa mgongo, na mambo ya ubongo, na jina refu la kizungu. Nikamuuliza ugonjwa umetoka wapi. Akasema haijulikani, hutokea tu." Alivikunja viganja. "Hutokea tu! Mtoto aliyeruka kamba Jumapili! Mimi nilitaka mtu aniambie kuna mtu amefanya. Nikatoka nje, nikamkuta mtu amejiandika mwenyewe ukutani."

"Kwa nini hukuandika kwa mwandiko wako?"

"Mimi si mtu wa kuandika. Niliichana ile ya ukuta wa sokoni... hapana, ya sokoni haikuwa hivyo. Nilirudi langoni nikaitazama mpaka nikaikariri. Nikaenda kuichora."

"Ya sokoni ilikuwaje?"

"Ilikuwa na neno jingine. Refu. Sikulisoma mpaka mwisho."

Mpelelezi aliandika hayo mwenyewe, kwenye kijidaftari chake, akayapigia mstari.

"Hakuwa mchawi, sivyo?" aliuliza seremala walipomsimamisha.

"Hakuwa."

Seremala akasema kwa sauti ndogo kwamba afadhali angekuwa. Hakuna aliyemkemea. Koplo mwenyewe alikuwa na mtoto wa umri ule.

*

"Afande, kesi imejifunga," alisema koplo barabarani. "Marehemu kajiita mchawi, watu wamemwamini. Mtuhumiwa ameshatuzidi mbio, yuko kwenye chumba cha maiti."

"Na vile vipande?"

Vipande vya karatasi vilikuwa kielelezo namba tisa na vilimsumbua hata koplo. Walipopekua nyumba ya mzee walikuta kopo la gundi, brashi, na vipande kumi na kimoja vya karatasi nyeupe, upana wa kiganja, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Kila kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa wino mweusi, herufi zimebanana ili zienee: mwanamazingaombwe. Koplo alikuwa ameviingiza kwenye orodha kama "vifaa vya mchezo, matumizi hayajulikani." Mpelelezi alikuwa na kimoja ndani ya jalada.

Walipita kwanza kwa mwalimu mstaafu aliyepakana ukuta na marehemu. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na nane, na kamusi yake ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli isisambaratike.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sogezeni magazeti mkae. Si hilo, hilo nalisoma."

"Jirani yako alijiita mchawi kwenye mabango yake. Ulijua?"

Mwalimu alivua miwani.

"Nani kakuambia upuuzi huo? Yule mtu alikuja kwangu miaka kumi na miwili iliyopita, hapo ulipokaa, njiwa mfukoni, akaniambia, 'Mwalimu, nitafutie jina la kazi yangu, shuleni watoto wananiita mchawi na naona haya.' Tulishinda hapa siku nzima. Nikampa mganga. Mganga ni wa kuganga, kutibu, kuunga kilichovunjika. Akasema, 'Sina dawa.' Mlozi ni wa kuloga. 'Simlogi mtu.' Sihiri ni la Kiarabu, akaona litamvisha kilemba asichokuwa nacho. Kiinimacho alilipenda sana, kwa sababu kweli kiini cha jicho ndicho alichokichezea, ila mtu haitwi kiinimacho. Mwisho nikamwambia, wewe ni mwanamazingaombwe."

"Maana yake hasa?"

"Mambo ya kustaajabisha yasiyo na ukweli ndani, na kila anayetazama anajua hayana ukweli, na amekuja kwa sababu hiyo hiyo. Asili yake sina hakika nayo. Wako wanaodhani mna kuzinga, yaani kuzunguka, na ombwe, yaani utupu. Mtu anauzunguka utupu mpaka unaona kitu. Nilimwambia hayo ni makisio ya watu, hayana ushahidi. Akacheka. Akasema, 'Hata kama ni makisio, ndiyo kazi yangu.'"

"Na mchawi?"

"Mchawi hahitaji mtazamaji. Toa watazamaji, mwanamazingaombwe anabaki mzee anayezungumza na leso. Mchawi hufanya peke yake, na hufanya makusudi. Ukimwita mtu mchawi umesema jambo moja tu, kwamba liko lililotokea na yuko aliyekusudia litokee." Mwalimu aliifuta miwani kwa pindo la shati, akaendelea kuifuta ilhali imeshatakata. "Alhamisi nilitoka nikasimama kizingitini. Nilitaka kuwaeleza watu tofauti. Mwalimu wa miaka thelathini na nane, Afande, nilishindwa kusema sentensi moja."

Mpelelezi aliuliza habari ya gundi.

"Aliazima brashi yangu, wiki moja kabla ya onyesho. Kila siku alitoka na kopo asubuhi akarudi mchana, viatu vimejaa vumbi. Nilimuuliza anabandika nini. Akasema anarekebisha kosa dogo."

*

Bango la langoni pa hospitali lilikuwa bado lipo, kati ya tangazo la chanjo na picha ya mtu aliyepotea. MCHAWI, kila herufi na viatu vyake, na chini kwa herufi ndogo: atoa njiwa, akata kamba ikaunga, watoto wote karibuni. Mpelelezi alitoa kipande cha karatasi kwenye jalada, akakinyoosha, akakiweka juu ya neno. Kilienea kutoka ukingo mpaka ukingo. Hapakubaki hata kiatu cha herufi.

"Si kifaa cha mchezo," alisema.

Koplo alikohoa. "Alikuwa anafunika."

"Twende sokoni."

Ukuta wa sokoni, karibu na mlango wa wauza ndoo, ulikuwa na bango la pili, nalo lilikuwa limefunikwa. Neno refu lilisimama pale kwa mwandiko wa mzee, herufi zimekandamizana kama watu kwenye mwavuli mmoja. Koplo aliloanisha kona kwa maji ya chupa, akaibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na MCHAWI. Waliona mengine sita kabla ya saa saba mchana, na yote yalikuwa yamefunikwa kwa uangalifu, pembe zimepigwa gundi mara mbili.

Mpiga chapa alikuwa na duka la chumba kimoja nyuma ya posta. Mashine yake ilikuwa ya zamani, ya kukanyaga kwa mguu, na kando yake droo za herufi za mbao zilipanda mpaka darini. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kucha nyeusi za wino. Alipoona sare alisogeza kiti bila kuulizwa.

"Nilijua mtakuja. Nimekuwa nikijiuliza kama nije mimi."

"Mabango yalikuwa mangapi?"

"Arobaini."

Arobaini, na vipande kumi na kimoja nyumbani. Mzee alikuwa amefunika ishirini na tisa.

"Neno lile ulilichagua wewe?"

"Hapana, Afande, naapa. Niliambiwa herufi kubwa kuliko zote, zisomeke ng'ambo ya barabara." Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa M moja ya mbao, kubwa kama kiganja, akaiweka mezani. "Sasa lile neno lililoletwa lina herufi kumi na saba. Pima mwenyewe. Ningehitaji karatasi pana kuliko mlango. Nikasema tushushe ukubwa. Nikaambiwa hapana, ndogo nani ataziona? Mzee amechoka kuonyesha viti vitupu. Safari hii ukumbi lazima ujae."

"Nani aliyesema?"

Mpiga chapa aligeukia ukuta. Palikuwa na msumari ukutani uliochomwa karatasi za kazi zote za mwaka, kwa kuwa hapigi chapa kitu mpaka mwenye kazi atie sahihi nakala ya kwanza. Alizipekua, akachomoa mbili. Ya kwanza ilikuwa maneno ya tangazo kwa mwandiko wa Babu Leso, ule ule wa vipande. Neno refu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na juu yake, kwa mwandiko mwingine, safi, wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya nguo, palikuwa na neno fupi. Ya pili ilikuwa nakala ya bango. Chini kulikuwa na sahihi.

Mpelelezi aliijua ile sahihi. Aliiona mara sita siku hizo, kwenye kitabu cha wageni cha kituo.

"Tulicheka," alisema mpiga chapa. "Mimi nilisema, je, mchawi? Yeye akasema, baba atanikaba koo, lakini weka. Tulicheka sana, Afande."

"Mzee alikuja?"

"Siku ya tatu. Nilidhani amekuja kugomba. Akaniomba karatasi nyeupe, nikamkatia vipande arobaini kwa mashine. Akasema, 'Mwanangu kafanya kwa kunipenda. Nitapita na gundi taratibu, na wewe usimwambie kitu.'" Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nikamwambia nimtafutie mtu wa kumsaidia. Akasema mabango arobaini si kitu, miguu anayo."

*

Njiani kurudi mpelelezi aliyafikiria yote kwa utaratibu aliouzoea, moja baada ya jingine, na kila alipofika mwisho alijikuta hataki kufika. Seremala alikuwa ameandika mlango na amekiri. Mkuu alitaka jina hilo. Sheria ingelikubali. Karatasi mbili za mpiga chapa zilikuwa ndani ya mfuko wake, si ndani ya jalada, na koplo, aliyeona alipoziweka, alitazama dirisha la gari safari nzima.

Binti alikuwa pale pale. Mpelelezi alikaa kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye benchi lile.

"Ni seremala," alisema. "Baba wa yule mtoto. Yeye ndiye aliyeliandika mlangoni, na amekiri. Sasa mchukue mzee, mwanangu. Kazike."

Binti alitikisa kichwa polepole. Mpelelezi alidhani yameisha, akaanza kunyanyuka.

"Yeye alilitoa wapi?"

"Alikuwa na uchungu. Mtu mwenye uchungu husema lolote."

"Afande, watu wote mjini wanakuita Kwa Nini. Leo hukumuuliza?"

Koplo aliingia ndani na kuufunga mlango wa kaunta nyuma yake. Mpelelezi alivua miwani, akaiacha ining'inie kwenye uzi. Alijaribu kutafuta jambo la kusema ambalo lingekuwa la kweli na lisimuumize, na hakulipata.

"Umeenda kwa mpiga chapa," alisema binti.

"Nimeenda."

"Nimekaa hapa siku sita nikiomba urudi na jina jingine. Lolote. Nilijiambia huenda kuna mtu aliyelisema kabla yangu, mwenye chuki naye, mtu mbaya, nikamchukie mpaka nife." Sauti haikutetemeka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuisikiliza. "Na wewe umekuja kuniambia uongo kwa sababu unanionea huruma. Usimwandike yule baba peke yake. Yeye amesoma tu. Mimi ndiye niliyeandika."

"Hukumdhuru mzee. Ulitaka ukumbi ujae."

"Ulijaa. Watu walisimama mpaka mlangoni. Aliinama mara tatu badala ya moja." Alifungua mkoba, akatoa fomu ya chumba cha maiti, akailaza mapajani. "Nipe kalamu. Na wewe toa karatasi uandike maelezo yangu, kabla sijapata nguvu ya kukataa."

Mpelelezi alitoa karatasi. Aliandika tarehe, saa, mahali, na kazi ya mtoa maelezo: fundi cherehani. Aliandika habari ya neno lililokatwa na lililowekwa, na nani alicheka.

"Nilimpelekea bango la kwanza nyumbani jioni ile," alisema binti. "Nililikunjua mezani. Alilitazama muda mrefu. Nikamuuliza, baba, vipi? Akasema, 'Limetoka zuri sana, mama. Limetoka zuri kuliko yote.' Akalibandika mwenyewe ukutani kwake ili nione." Alitia sahihi fomu ya kumchukua mzee, taratibu, herufi kwa herufi. "Andika na hilo, Afande. Kama alivyolisema."

Mpelelezi aliandika. Alipomaliza akamsogezea ile karatasi aisome, na binti akaisoma mpaka mstari wa mwisho, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.